Usiku wa Maswali

Jioni moja mtoto alimwuliza baba yake, "Baba, kwa nini mwezi unatufuata tukitembea?"

Baba alikuwa ametoka shambani. Alikuwa amechoka. Akajibu, "Acha maswali. Nenda kalale."

Mtoto akanyamaza. Kesho yake hakuuliza tena.

Jambo hili hutokea katika nyumba nyingi. Labda limetokea katika nyumba yako. Si kwamba baba hampendi mtoto wake. Pengine amechoka. Pengine hajui jibu, na anaona haya kusema kwamba hajui. Lakini mtoto haelewi hayo. Yeye amejifunza jambo moja tu, kwamba kuuliza ni kosa.

Leo tutasoma habari za Wayahudi. Watu hawa wana usiku mmoja katika mwaka ambapo mtoto hutakiwa kuuliza. Watu wazima humngoja aulize. Tena huandaa michezo na mambo ya ajabu mezani, ili maswali yamjie mwenyewe. Hatusomi habari hizi ili tubadili dini zetu. Tunazisoma ili tuone jinsi watu wengine wanavyowafundisha watoto wao wadogo.

1. Wayahudi na Pasaka yao

Wayahudi ni watu wa kale. Siku hizi wengi wao wanaishi Israeli na Marekani. Wengine wanaishi Ufaransa, Uingereza na nchi nyingine nyingi. Wako pia katika Afrika, kama tutakavyoona mbele.

Moja ya sikukuu zao kubwa ni Pasaka. Wakristo nao wana Pasaka, nao hukumbuka kufufuka kwa Yesu. Pasaka ya Wayahudi ni sikukuu nyingine, tena ni ya zamani zaidi. Katika Pasaka hiyo Wayahudi hukumbuka wazee wao walivyotoka katika utumwa wa Misri.

Habari za Musa na Farao tunazijua. Wakristo huzisoma katika Biblia, katika kitabu cha Kutoka. Waislamu huzisoma katika Kurani, habari za Nabii Musa na Firauni. Wana wa Israeli walikuwa watumwa. Walifanyishwa kazi ngumu ya kufyatua matofali. Musa akamwomba mfalme awaache waende zao. Mfalme akakataa. Misri ikapatwa na mapigo kumi. Mwisho wana wa Israeli wakatoka kwa haraka. Haraka ilikuwa kubwa hata unga waliokanda haukupata nafasi ya kuumuka. Wakaoka mikate isiyo na chachu.

Pasaka huanza jua linapotua, kuingia tarehe 15 ya mwezi unaoitwa Nisani. Usiku huo mwezi huwa mpevu. Wayahudi huhesabu miezi kwa mwandamo, kama Waislamu. Lakini wao huongeza mwezi mmoja katika miaka fulani, mara 7 katika kila miaka 19. Kwa njia hiyo Pasaka haihami majira yake. Huangukia katika Machi au Aprili. Katika Israeli sikukuu hii huchukua siku 7. Nje ya Israeli Wayahudi wengi hufanya siku 8.

2. Mchezo wa kutafuta chachu

Wakati wa Pasaka Wayahudi hawali mkate uliotiwa chachu, wala hawaweki mkate huo nyumbani. Kwa hiyo, kabla ya sikukuu, nyumba nzima husafishwa. Makabati hufutwa. Mifuko ya nguo hukung'utwa. Makombo hufagiliwa hata chini ya vitanda.

Usafi ni kazi, na watoto wadogo huchoshwa upesi na kazi. Lakini usiku mmoja kabla ya Pasaka kazi hii hugeuka kuwa mchezo. Taa huzimwa. Baba au mama huwasha mshumaa. Mtoto hushika unyoya wa ndege na kijiko cha mti. Kabla ya hapo mtu mzima amekwisha kuficha vipande 10 vya mkate, kila kimoja kimefungwa vizuri ili makombo yasimwagike. Kimoja kiko dirishani. Kimoja kiko nyuma ya mlango. Kimoja kiko chini ya kiti.

Watoto hutafuta kwa mwanga wa mshumaa. Wakiona kipande, hukisukuma kwa unyoya mpaka kiingie katika kijiko. Kisha huhesabu. Wamepata vingapi? Vimebaki vingapi? Wakipata 9 tu, hawaendi kulala, maana kipande kimoja kimebaki nyumbani. Asubuhi vipande vyote huchomwa moto.

Tazama mambo ambayo mtoto amejifunza katika mchezo huu mmoja. Amejifunza kuhesabu mpaka 10, na kutoa. Amejifunza kutafuta kwa utaratibu, chumba baada ya chumba. Amejifunza sheria moja ya dini ya wazazi wake. Wala hakukaa kitako kusikiliza hotuba. (Mshumaa hushikwa na mtu mzima. Moto si kitu cha kuchezea.)

3. Kazi za mikono

Wiki chache kabla ya Pasaka, watoto wa shule za chekechea hutengeneza vitu vya sikukuu. Vifaa vyao ni karatasi, nguo kuukuu, udongo, gundi na rangi. Hapa kuna kazi nne ambazo walimu na wazazi hupenda kuwapa.

Kazi ya kwanza: Matofali. Watoto hukanda udongo na kufanya matofali madogo, kila moja kama kiberiti. Huyapanga juani yakauke. Kesho yake hujenga ukuta. Mikono huchafuka na mgongo huuma kidogo. Ndipo mwalimu huuliza, "Je, ungefanya kazi hii kutwa nzima, kila siku, bila mshahara na bila kupumzika, ungejisikiaje?" Sasa neno "utumwa" lina maana kwa mtoto. Amelishika kwa mikono yake.

Kazi ya pili: Kikapu cha Musa. Musa alipokuwa mtoto mchanga, mama yake alimficha katika kikapu kando ya mto, ili asiuawe na watu wa Farao. Watoto husuka kikapu kidogo kwa nyasi au kwa vipande vya karatasi, juu na chini, juu na chini. Ndani huweka mtoto wa kitambaa. Halafu hukijaribu katika beseni la maji. Je, kinaelea? Kikizama, wafanye nini? Katika Biblia imeandikwa kwamba mama yake Musa alikipaka kikapu lami. Watoto hufikiri, hujaribu, huona wenyewe.

Kazi ya tatu: Mfuko wa mikate. Usiku wa Pasaka mikate mitatu huwekwa mezani katika mfuko wenye sehemu tatu. Mtoto huchukua vipande vinne vya nguo vilivyo sawa. Huviweka kimoja juu ya kingine. Mama humsaidia kushona pande tatu, na upande wa nne huachwa wazi. Vipande vinne hutoa nafasi tatu. Mtoto wa miaka mitano hushangaa jambo hili. Huhesabu tena na tena. Kisha hupamba mfuko kwa rangi au kwa uzi.

Kazi ya nne: Vikaragosi vya mapigo kumi. Watoto huchora vyura, nzige, chawa, mvua ya mawe na mengine, kisha hukata na kubandika kila picha kwenye kijiti. Habari inaposimuliwa, kila mtoto huinua kijiti chake pigo lake linapotajwa. Kwa hiyo ni lazima asikilize. Akikosa kusikiliza, vyura hawatatokea! Mtoto hujifunza pia kwamba habari ina mpango. La kwanza hutangulia, la pili hufuata, na la kumi ni la mwisho.

Vitu hivi havitupwi. Usiku wa sikukuu mfuko wa mtoto ndio unaowekwa mezani, hata kama mshono umepinda. Mtoto huona kwamba kazi yake ina faida kwa watu wote wa nyumbani.

4. Meza ya usiku wa Pasaka

Sasa usiku umefika. Jamaa wote wamekusanyika, babu, bibi, wazazi, watoto na wageni. Karamu hii huitwa Seda, maana yake "utaratibu", kwa sababu kila jambo lina zamu yake. Kitabu kinachosomwa huitwa Hagada, maana yake "masimulizi".

Katikati ya meza kuna sahani ya vyakula vichache. Kila chakula ni alama ya jambo fulani.

Mboga chungu ni alama ya uchungu wa utumwa. Kila mtu huonja, na watoto hukunja uso.

Maji ya chumvi ni alama ya machozi. Majani mabichi ya mboga huchovywa humo.

Haroseti ni mchanganyiko mtamu wa matunda na njugu zilizopondwa. Rangi yake ni ya udongo. Ni alama ya tope la kujengea. Wayahudi wa Ulaya huutengeneza kwa matofaa, njugu na mdalasini. Wale waliotoka Iraki na Yemeni hutumia tende.

Mfupa wa kondoo ni ukumbusho wa kondoo aliyechinjwa usiku wa kutoka Misri.

Yai huwekwa kukumbuka sadaka za zamani katika hekalu la Yerusalemu.

Pembeni kuna ile mikate isiyo na chachu, iitwayo matsa. Matsa ni unga na maji tu. Tangu maji yaguse unga mpaka mkate uive zisipite dakika 18. Zikipita, kinyunga huhesabiwa kwamba kimeanza kuchacha.

Kila mtu mzima hunywa vikombe vinne vya divai, kila kimoja kwa wakati wake. Watoto hunywa maji ya zabibu.

Yanapotajwa yale mapigo kumi, kila mtu hutoa tone moja katika kikombe chake kwa kila pigo. Matone 10 hupungua. Wazazi huwaeleza watoto sababu yake hivi: Wamisri nao walikuwa watu, nao waliumia. Furaha yetu haiwezi kujaa kikombe wakati wengine walilia. Hili ni somo kubwa sana, na mtoto hulipata kwa kuhesabu matone tu.

5. Maswali manne

Baada ya kikombe cha kwanza, watu wote hunyamaza. Mtoto mdogo kuliko wote anayeweza kusema husimama. Kwa siku nyingi amejifunza maneno yake. Sasa anauliza mbele ya jamaa wote. Kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine? Kisha anataja mambo manne anayoyaona. Leo tunakula matsa tu. Leo tunakula mboga chungu. Leo tunachovya chakula mara mbili. Leo tunaegemea mito tunapokula.

Jambo la mito lina asili yake. Zamani, katika nchi zile, watu huru walikula karamu wakiwa wameegemea. Mtumwa alisimama kuwahudumia. Kwa hiyo usiku wa Pasaka kila mtu huegemea upande wa kushoto, kuonyesha kwamba yeye si mtumwa.

Mtoto akimaliza, mzee wa nyumba haambii watu "Tuendelee kula." Huanza kumjibu. Jibu lake ni refu. Linaanza katika utumwa na linakwisha katika uhuru. Yaani masimulizi yote ya usiku ule ni jibu kwa mtoto mdogo aliyeuliza.

Desturi hii ni ya kale sana. Imeandikwa katika Mishna, kitabu cha sheria za Kiyahudi kilichokusanywa yapata mwaka 200. Wazee wa dini waliweka pia sheria hii: ikiwa hakuna mtoto, mke amwulize mume wake. Na ikiwa mtu yuko peke yake, ajiulize mwenyewe. Fikiri juu ya jambo hilo. Mtu mzima, peke yake mezani, anajiuliza swali kwa sauti. Kwao habari haisimuliwi mpaka swali limeulizwa.

6. Watoto wa namna nne

Hagada inataja watoto wa namna nne, na kila mmoja hujibiwa kwa namna yake.

Wa kwanza ni mwenye busara. Anauliza mambo mengi, tena kwa kirefu. Huyu hufundishwa sheria zote.

Wa pili ni mkaidi. Anauliza kwa kejeli, kana kwamba mambo haya si yake. Huyu hujibiwa kwa ukali. Lakini angalia, yeye naye amekaa mezani. Hakufukuzwa.

Wa tatu ni mnyofu. Swali lake ni fupi tu, anataka kujua hiki ni kitu gani. Hupewa jibu fupi na wazi.

Wa nne hajui kuuliza. Pengine ni mdogo mno. Pengine anaogopa. Huyu hasemwi kwamba ni mjinga. Mzazi huambiwa aanze yeye, amfungulie njia.

Ndugu msomaji, wengi wetu tulipoanza darasa la watu wazima tulikuwa kama mtoto wa nne. Tulikaa nyuma. Tulishika kalamu kama tumeshika jembe. Tuliona haya kuuliza herufi ile inaitwaje. Mwalimu mzuri hakutungoja tuulize. Alikuja karibu, akaanza yeye. Kama ulisaidiwa hivyo, unajua thamani yake. Basi mtoto wako naye anahitaji hivyo hivyo.

7. Mtoto asilale

Karamu ya Pasaka ni ndefu. Watoto husinzia. Lakini karamu yenyewe ni kwa ajili yao, basi wakilala itakuwa na faida gani? Kwa hiyo wazee walibuni njia nyingi za kuwaamsha.

Inasimuliwa kwamba mwalimu mmoja mkubwa wa kale, Akiva, aliwagawia watoto njugu na nafaka za kukaanga siku ya kuamkia Pasaka, ili wasilale na ili waulize.

Njia nyingine ni mchezo wa Afikomani. Ile mikate mitatu, wa katikati huvunjwa vipande viwili. Kipande kikubwa hufichwa. Hicho ndicho Afikomani. Karamu haiwezi kumalizika mpaka kipande hicho kiliwe. Katika nyumba nyingi watoto hukitafuta, au hukificha wao wenyewe, na mzee wa nyumba hulazimika kuwapa zawadi ili akipate. Usiku huo mtoto ana nguvu juu ya mkubwa. Nani atalala?

Wayahudi waliotoka Iraki na Siria wana mchezo mwingine. Mtoto hufungiwa matsa katika kitambaa, akauweka mzigo begani kama msafiri. Wakubwa humwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Hujibu kwamba ametoka Misri na anakwenda Yerusalemu. Wayahudi wa Iran hupigana kwa vitunguu vya majani wakati wa wimbo, kwa kucheka, wakiigiza viboko vya wasimamizi wa watumwa. Hata bibi hupiga!

Mwisho wa usiku kuna wimbo wa kuhesabu kutoka moja mpaka kumi na tatu. Kila namba ina maana yake. Moja ni Mungu. Tano ni vitabu vya Torati. Saba ni siku za wiki. Tisa ni miezi ya mimba. Kila mara waimbaji hurudia namba zote kushuka mpaka moja, kwa kasi zaidi na zaidi. Atakayekosea huchekwa, naye hucheka pia.

8. Karibu na kwetu

Wayahudi hawa hawako mbali sana nasi. Mashariki mwa Uganda, karibu na mji wa Mbale, wanaishi Waafrika wanaofuata dini ya Kiyahudi. Huitwa Abayudaya, yaani "Wayahudi" kwa Kiganda. Aliyeanzisha jamii hiyo mwaka 1919 ni Semei Kakungulu, kiongozi wa vita na wa utawala aliyetoka Buganda. Alisoma Biblia kwa makini, akaamua kufuata sheria za Musa.

Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa utawala wa Uganda. Serikali yake ilipiga marufuku ibada ya Kiyahudi. Watu wengi wa jamii hiyo waliacha dini yao kwa hofu. Wachache waliendelea kwa siri, ndani ya nyumba zao. Wazazi walipaswa kuamua kama wawafundishe watoto au wanyamaze. Kitu kisichofundishwa kwa mtoto hufa na wazee. Waliofundisha walifundisha kwa sauti ya chini.

Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliuteka mji wa Kampala. Utawala wa Amin ukaanguka. Na jioni ya tarehe hiyo hiyo, jua lilipotua, Pasaka ya Wayahudi ilianza. Sikukuu ya kutoka katika utumwa iliingia siku ile ile.

Katika miaka ya 1980 vijana wa Abayudaya waliiamsha jamii yao tena. Leo watoto wao huuliza maswali yao bila kunong'ona.

9. Tujifunze nini?

Wayahudi walitawanyika katika nchi nyingi kwa karne nyingi. Kwa muda mrefu hawakuwa na serikali yao wala jeshi. Mara nyingi waliteswa na kufukuzwa. Lakini habari zao hazikupotea. Ziliwekwa katika vichwa vya watoto wadogo, kwa kijiko, kwa unyoya, kwa kipande cha mkate kilichofichwa, na kwa maswali manne.

Nasi tuna habari zetu. Tuna habari za ukoo, za kijiji, za mavuno, za njaa, za kupata uhuru. Nani anazijua? Babu anazijua. Je, mjukuu anazijua? Kama hazijui, si kosa la mjukuu. Hakuna aliyempa nafasi ya kuuliza.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mtoto mdogo hujifunza kwa mikono, kwa macho na kwa ulimi kabla hajajifunza kwa kitabu. Mpe udongo afinyange. Mpe punje ahesabu. Mfichie kitu atafute. Kisha mngoje aulize. Akiuliza jambo usilolijua, usione haya. Mwambie, "Sijui, mwanangu. Twende tukamwulize mtu anayejua." Jibu hilo litamfundisha zaidi kuliko "Acha maswali."

Na yule baba wa mwanzo wa somo letu bado ana nafasi. Mwezi utatoka tena kesho. Anaweza kumshika mtoto mkono, wakatoka nje, akamwuliza yeye, "Mwanangu, hebu tazama. Kwa nini mwezi unatufuata?"

MANENO MAPYA

chachu: kitu kinachofanya unga uumuke
mwezi mpevu: mwezi uliojaa, wa duara kamili
kikaragosi: sanamu ndogo ya kuchezea hadithi
kejeli: maneno ya dharau
kupiga marufuku: kukataza kwa amri
kunong'ona: kusema kwa sauti ndogo sana

MASWALI

1. Wayahudi hukumbuka nini wakati wa Pasaka yao?
2. Kwa nini matsa haina chachu?
3. Taja vyakula vitatu vya sahani ya Pasaka na maana yake.
4. Kwa nini watu hutoa matone 10 katika vikombe vyao?
5. Mtoto wa nne hujibiwa namna gani? Kwa nini?
6. Nini kilitokea Kampala tarehe 11 Aprili 1979? Jioni ya siku hiyo nini kilianza?

HESABU

1. Vipande 10 vya mkate vimefichwa. Watoto wamepata 7. Vimebaki vingapi?
2. Mezani kuna watu wazima 9. Kila mmoja hunywa vikombe 4. Vyote ni vikombe vingapi?
3. Mwokaji alimimina maji katika unga saa 2 na dakika 10. Matsa lazima iwe imeiva kabla dakika 18 hazijapita. Mwisho ni saa ngapi?

JADILIANENI DARASANI

1. Ulipokuwa mtoto, ulipouliza maswali ulijibiwaje?
2. Katika sikukuu zetu, watoto wana kazi gani? Je, wanajua maana ya sikukuu hizo?
3. Katika kijiji chetu, ni habari gani ambayo wazee tu ndio wanaoijua?

KAZI YA NYUMBANI

Chukua punje 10 za mahindi. Zifiche katika sehemu mbalimbali za nyumba. Waite watoto wazitafute na wazihesabu. Atakayepata punje ya mwisho ana haki ya kumwuliza babu au bibi swali moja juu ya mambo ya zamani. Sikiliza jibu. Kisha liandike katika daftari lako, sentensi tano au zaidi, ulete darasani tulisome pamoja.